Eulalie na Usingizi wa Mchana

Mwaka umezunguka, Eulalie, tangu asubuhi ile uliporudi kutoka zamu ya usiku, ukavua viatu mlangoni, ukakataa uji, ukasema kichwa kinakuuma na unakwenda kulala. Hadi leo tukipita mbele ya chumba chako tunatembea kwa ncha za vidole. Mazoea ni mazoea.

Ulikuwa muuguzi wa réanimation, chumba cha wagonjwa mahututi. Hapa Bukavu watu wakisikia ndugu yao amepelekwa huko, wanaanza kulia kabla ya wakati. Hilo lilikuudhi sana. Ulikuwa ukitoka nje, mikono kiunoni, ukiwaambia jamaa za wagonjwa waliokaa uani na masufuria yao: "Réa haiko kaburi. Réa ni kazi. Muniache nifanye kazi." Kisha ulirudi ndani, na wao walifuta machozi na kuanza kuulizana nani atapika jioni.

Ulizungumza na wagonjwa waliokuwa wamezama, wasiofumbua macho wala kujibu. Kila mmoja ulimweleza kama mvua inanyesha, kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wamepanda bei sokoni Kadutu, na kwamba mke wake yuko nje, amevaa kikwembe cha kijani, hajaenda popote. Wauguzi vijana walikucheka mwanzoni. Baadaye wakaanza kufanya vilevile. Mireille, ambaye hajui bei ya kitu chochote kwa sababu mama yake ndiye anayekwenda sokoni, alikuwa akiwadanganya wagonjwa tu, nawe ulimsahihisha kutoka kitanda cha pili.

Lakini ulikuwa unachoka, Eulalie. Tuliobaki tumechoka pia, kwa hiyo hatuoni haja ya kupamba maneno. Wagonjwa walikuwa wengi na wauguzi mlihesabika kwa vidole. Umeme ulipokatika mashine za oksijeni zilinyamaza, na hadi jenereta iwake mliwapulizia watu hewa kwa kuminya mpira kwa mkono, muuguzi mmoja akikimbia kati ya vitanda viwili. Ulirudi nyumbani vidole vimekakamaa, huwezi kufungua kifuniko cha chupa. Ulisinzia kanisani kila padri alipoanza mahubiri. Ulisinzia kwenye harusi ya binti wa kaka yako Gracien, sahani ya wali na nyama ikiwa mapajani, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Kwa sababu hiyo nyumba yako ya Nyalukemba ilikuwa na sheria moja tu, na aliyeitunga ni mume wako Léopold: Eulalie akilala baada ya zamu, haamshwi na mtu yeyote. Ni fundi seremala mwenye karakana uani kwake mwenyewe, lakini asubuhi zako hakushika nyundo. Alipiga msasa, alipaka vanishi, alichora meza ambazo hakuna aliyeziagiza. Wateja walizoea. Mtu akija na mlango uliovunjika aliambiwa kwa kunong'ona arudi saa nane. Jirani yenu Josué, mwenye kinu cha kusaga mihogo, alipunguza redio bila kuombwa. Wanaume wengine humwonyesha mke upendo kwa kitenge kipya. Léopold alikupa ukimya, na katika mtaa ule ukimya si kitu rahisi kupata.

Ndiyo maana ilikuwa vile ilivyokuwa.

Asubuhi ile Mélanie, mdogo wako, alikuja na sambaza wabichi kwenye beseni. Léopold alimzuia getini.

"Shemeji, usipige kelele. Eulalie iko analala. Alichoka sana. Uache sambaza hapa, urudi mangaribi."

"Hata kumusalimia?"

"Hata. Sikiliza kwanza." Alimvuta hadi chini ya dirisha lako. Ndani ulikuwa ukikoroma, mkoromo mzito, wa chini kabisa, ambao hatukuwahi kuusikia kwako. Léopold alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. "Unamusikia? Leo iko analala kweli kweli."

Mélanie alimsifu. Alimwambia kwamba laiti wanaume wote wangekuwa hivyo. Akaenda zake, na Léopold akaendelea kupiga msasa hadi jua lilipoanza kushuka na saa yako ya kwenda kazini ikakaribia. Hapo ndipo alipoingia na maji ya moto ya kuoga, akakuita, akakuita tena. Mkoromo ulikuwa haujabadilika, lakini hukuwa usingizini. Mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka.

Wenzako walikupokea katika chumba kilekile ulichotoka asubuhi. Maman Françoise, mkuu wa wauguzi wa pale, hakumruhusu mtu mwingine akuoshe. Alikueleza kwamba nje kunanyesha, kwamba Léopold yuko uani na hajaenda popote. Siku chache baadaye ukaondoka, Eulalie, na wewe unayejua kazi ile kuliko sisi unajua kwamba walifanya yote yaliyowezekana.

Tunataka ujue kilichotokea nyumbani baada yako, kwa maana ndicho kilichotusumbua mwaka mzima.

Binti yako Gisèle, muuguzi kama wewe, hakuacha kazi. Tulidhani ataiacha. Yuko palepale, réanimation, anavaa ile saa yako ya kubandika kifuani. Anarudi asubuhi kama ulivyorudi wewe, anavua viatu mlangoni kama wewe, anajitupa kitandani. Na baba yake hamwachi alale.

Mwanzoni aligonga mlango mara moja, tukaona ni jambo la kueleweka. Kisha akawa anagonga kila anapomaliza kikombe cha chai. Akitoka kugonga alisimama uani na msasa mkononi bila kufanya kazi, akisikiliza. Kama Gisèle alikuwa kimya, aliogopa ukimya. Kama alikoroma, hapo ndipo alipokimbia. Léopold aliyekuwa akishusha sauti za mtaa mzima alianza kupiga misumari chini ya dirisha la mwanawe, mbao ambazo hazikuhitaji misumari, ilimradi asikie mtu akilalamika kutoka ndani. Malalamiko yale yalimpa nafuu, kisha nafuu ilimwisha kabla hajarudi karakanani.

"Papa, juu ya nini unaniamusha tena?"

"Nilitaka tu kujua kama uko muzuri."

"Niko muzuri. Na mbele ya kugonga nilikuwa muzuri."

Baba yake alikuwa akisema asante, anafunga mlango taratibu, na moyo wake unaanza upya kumuuliza: na sasa je? Hakuweza kumwambia mtu swali hilo. Sisi tulimwona anavyokonda, suruali imefungwa kwa kamba, tukamletea chakula, na tulipomletea alituuliza kama tumepita dirishani kwa Gisèle.

Mtoto akaanza kuharibika. Macho yakawa mekundu. Asubuhi moja kazini alijikuta amesimama kando ya kitanda na sindano tupu mkononi, hajui kama dawa ameshampa mgonjwa au ameimwaga. Kwa bahati Mireille alikuwa kitanda cha jirani na alikuwa amemwona akimpa mgonjwa. Mgonjwa hakudhurika. Lakini Gisèle alikalishwa kwenye kiti nje ya chumba akalia mbele ya jamaa za wagonjwa, jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya wala hungelitaka. Maman Françoise alimwambia neno moja: alale, au ataondolewa réanimation.

Alirudi nyumbani akakuta baba yake anamsubiri getini. Hakupiga kelele. Aliingia, akatoa begi juu ya kabati, akaanza kutia nguo.

"Naenda kukaa kwa maman Mélanie kule Nguba," alisema. "Papa, nakupenda sana. Lakini hapa nitaua mutu."

Léopold alikaa juu ya benchi ambalo halijakauka vanishi. Alikuwa amekupoteza wewe kwa kukuacha ulale, na sasa alikuwa anampoteza mtoto kwa kumnyima usingizi. Alituambia baadaye kwamba siku ile alitamani kama angekuwa na kazi nyingine, mke mwingine, maisha ya mtu mwingine kabisa, halafu akaona haya kwa kutamani hivyo. Hatukumlaumu. Sote tumewahi kutamani hivyo mwaka huu.

Aliyemzuia Gisèle ni maman Françoise. Alikuja jioni ileile kwa pikipiki, bado amevaa viatu vya kazini, akakuta begi mlangoni na Léopold bado kwenye benchi, suruali imegandia.

"Sikukuya kukugombeza, papa Léopold," alimwambia.

"Unigombeze tu. Mama yake naye alikuwa anapumua. Nilimusikia na masikio yangu. Alikuwa anakoroma, na miye nilifurahi."

Françoise alikaa karibu naye, juu ya vanishi ileile, na suruali yake nyeupe. Ni mwanamke mkali, wewe unamjua, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa imechoka kama zetu.

"Ile ugonjwa haikuanzia ku kitanda yako, papa. Ilianzia kwetu. Tulikuwa tunapima tension, ile presha ya damu, ya kila mutu. Ya mugonjwa, ya ndugu ya mugonjwa mwenye kusikia kizunguzungu, hata ya dereva. Ya Eulalie hakuna mwenye alipima. Kila siku alikuwa anasema iko na haraka, na siye tulikuwa tunafurahi kama kazi inaenda. Weye ulimuacha alale. Siye tulimuacha achoke."

Léopold alikuwa amebeba jambo hilo peke yake muda wote ule, na hakujua kwamba kuna mtu mwingine aliyeshika upande wa pili.

Kisha Françoise akamweleza kinachofanyika siku hizi. Tangu ulipoondoka, asubuhi wanapopokezana zamu, kabla hata ya kusoma habari za mgonjwa wa kwanza, anayetoka ananyoosha mkono na anayeingia anampima. Hakuna anayekwenda nyumbani bila hiyo, hata mkuu mwenyewe. Mireille ameshapatikana na tension ya juu, kijana hivyo, na anameza vidonge. Wauguzi wanaita jambo hilo kwa jina lako. Wanasema, "Lete mkono, tufanye Eulalie."

Hapo Léopold alilia, na tukamwacha alie.

Gisèle ndiye aliyepata njia. Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, akisikiliza, na alizungumza kwa ule ukali wako wa kuficha huruma.

"Papa, sikiliza. Usigonge tena. Ingia polepole, unifinye kidole ya mugu. Ya kuume, na ya kushoto pia. Njo vile tunafanyaka ku réa na wagonjwa wenye hawajibu. Mutu mwenye kichwa yake iko muzuri atavuta mugu, hata kama iko analala. Nikivuta yote mbili, utoke. Usiseme kitu."

"Na kama huvute?"

"Hapo upige kelele mpaka Josué akuye na mutokari."

Begi lilirudi juu ya kabati.

Siku ya kwanza alifinya kwa woga, jinsi anavyogusa vanishi kujua kama imekauka, na Gisèle hakusikia chochote. Karibu apige kelele kweli. Akafinya zaidi, kidole cha kuume kikakimbilia chini ya blanketi, kisha cha kushoto. Alitoka. Hata hivyo, Eulalie, tusikudanganye, baada ya muda mfupi alirudi, na baada ya huo akarudi tena. Mara ya mwisho Gisèle alirusha teke usingizini likampata baba yake tumboni, sawasawa.

Léopold alitoka uani ameshika tumbo, anacheka. Tangu tulipokuzika hatukuwa tumesikia kicheko chake. Josué alizima kinu akaja mbio akidhani fundi amechanganyikiwa.

"Amenipiga!" Léopold alimwambia.

"Nani?"

"Gisèle! Na mugu ya kushoto! Nguvu mingi!"

Siku hizi anaingia mara moja tu, mchana. Bado anachelewa kulala yeye mwenyewe, na bado suruali inahitaji kamba. Hatutaki kukuletea habari tamu kuliko zilivyo. Hospitali wauguzi ni wachache kama zamani, umeme unakatika kama zamani, na Gisèle anakula amesimama. Lakini mkono wake unapimwa kila asubuhi, na hajajikuta tena na sindano tupu bila kujua dawa ilikokwenda.

Jumapili tutasali misa ya kukuombea, kisha tutakula pamoja nyumbani kwako. Tulipokuwa tunaandika maneno haya, Mélanie alimwendea Léopold karakanani kumuuliza anataka tukuambie nini kwa niaba yake. Alitegemea maneno marefu, kwa vile mliishi pamoja miaka mingi. Léopold aliweka msasa chini, akatazama dirisha lililofungwa, akajibu kwa kunong'ona.

"Mumuambie kama Gisèle iko analala. Na miye sikumuamusha."

Tunaokulilia na kukupenda: mume wako Léopold, binti yako Gisèle, kaka yako Gracien na nyumba yake, mdogo wako Mélanie, jirani yako Josué, na wenzako wa kazi, Françoise, Mireille na wauguzi wote wa réanimation.

Hutatoka mioyoni mwetu, Eulalie, maadamu tungali hai.