Aabo, Reli Inaishia Nanyuki

Aabo, baba yangu mpendwa,

Salaam aleikum huko ulikolazwa. Ilinipasa nianze kwa dua ndefu, lakini dua nimeshakuombea asubuhi. Sasa niache nikugombeze. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Wabera uliwakalisha mlangoni petu ukawajaza ule mji wako kichwani, na mama zao wana haki ya kusikia.

Hivi, Aabo, ungepungukiwa nini ungetusimulia ya sungura na fisi kama baba za wenzetu?

Unakumbuka siku uliponibeba ndani ya lori mpaka Nanyuki. Nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa umepakia mbuzi wa Oldonyiro, nami nilitapika kuanzia mlimani mpaka tukapita Timau. Mbuzi walipoingizwa kwenye mabehewa ukanishika mkono, ukanipeleka mahali reli inapokatika: vyuma viwili, gogo, halafu nyasi tu. Nikakuuliza kwa nini haifiki kwetu Isiolo. Mzazi mwingine angesema Mzungu alichoka. Wewe ukachuchumaa.

"Nani amekwambia imeisha? Hapa imezama tu. Inapita chini kwa chini mpaka kwetu."

Tangu hapo nikawa naishi juu ya Handakini, mji wa vibeti. Watu wasiofika kiunoni mwako, wanaume wamechomeka ndevu ndani ya mshipi zisinaswe na magurudumu. Stesheni saba, na soko katikati ya njia za reli. Treni zao hazisimami, zinapunguza mwendo tu, kwa hivyo mfanyabiashara wa huko hukimbia kando ya behewa akinadi chumvi, vifungo na taa za shaba. Chini ya msikiti dereva hapigi honi. Malori ya jeshi yalipopita na vikombe vikatetemeka kabatini, ulikuwa unainua kidole: "Treni ya saa nne hiyo. Imechelewa." Mama anasonya, mimi nalaza sikio sakafuni.

Na ile sheria yao! Handakini hakuna pesa. Ukitaka kitu unatoa kitu, na kibeti anakuangalia usoni kwanza. Kama hakikuumi kukitoa, anakurudishia. "Takataka peleka kwenu!" ulikuwa unasema kwa ile sauti ya puani, nasi tunaanguka kwa kicheko.

Mimi nilikua, nikaachana na sakafu. Wewe hukuacha. Halima wangu alipoanza tu kutamka maneno ukamweka gotini, ukaanza upya kuanzia Nanyuki.

Halafu ukafa, Aabo. Kifua kilikushika Jumatatu, Alhamisi tukakuzika. Watu wamejaa nyumbani, mimi tumbo limenijaa mtoto wa pili, na Halima, miaka mitano, ananivuta nguo: "Babu yuko wapi? Babu yuko wapi?" Nikachoka. Nikamwambia, "Babu ameenda Handakini." Akaiachia nguo palepale. Nikajiona nina akili.

Mwezi huu, mwaka tangu tukuzike, vitu vikaanza kupotea. Kwanza mkasi ninaoshonea nguo za watu. Halafu kifuniko cha sufuria kubwa. Kisha kopo la sukari, limejaa. Kisha kofia yako niliyokuwa nimeificha chini ya godoro. Baba yake Halima yuko njiani Moyale na lori, kama ulivyokuwa wewe siku zote, sasa nimuulize nani? Nikamtazama jirani yangu Mama Kendi, ambaye huingia jikoni kwangu kuchukua makaa ya moto. Nikamwambia maneno mabaya pale uani, watu wakisikia.

"Mama Halima," akasema, "mimi nikuibie kifuniko? Nifunike nini, huo mdomo wako?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kutoka siku hiyo tukikutana bombani ananipita kama mimi ni mti.

Jumamosi adhuhuri nikageuka kutoka kwenye kamba ya nguo, Nuria, yule mtoto uliyemwacha tumboni, hayuko mkekani. Miezi kumi, ndio kwanza anatambaa. Nikazunguka nyumba mbio. Nyuma ya jiko Halima amepiga magoti kando ya shimo, fito mbili amezilaza kama reli. Ndani mna mkasi, kifuniko, sukari yangu imejaa sisimizi. Na Nuria, amekalishwa juu ya kofia yako, anakula udongo kwa raha zake.

Nilimnyakua. "Unafanya nini, wewe mtoto!"

"Namnunua Babu."

"Kwa Nuria?"

"Hivi vingine wamevikataa." Akausukuma mkasi kando. "Vilikuuma wewe, mimi havikuniuma. Nuria ataniuma."

Mkono nilioinua kumchapa ulibaki juu. Nikaketi palepale chini.

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini: treni imeharibika, vibeti wamefunga soko. Lakini kesho angenichimbia wapi, na angemtoa nani?

"Halima, hakuna Handakini. Reli inaishia Nanyuki. Babu alikufa, tukamzika. Harudi."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Na yeye?"

Hapo, Aabo, ulinibana. Pamoja na hasira zangu zote bado nikakutetea. "Babu alikupa hadithi," nikamwambia. "Uongo ni wangu."

Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mwaka mzima nimesema umetangulia, umepumzika, umetuacha. Kulitoa lile neno lenyewe, alikufa, ilikuwa mara yangu ya kwanza, na Nuria ananipaka udongo shavuni. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Halafu nikamshika Halima mkono tukaenda kwa Mama Kendi. Nilimtukana mbele ya watu, nikamwomba msamaha mbele ya watu, sauti ileile. Hakusema amenisamehe. Alimtazama Halima na ile sura ya vumbi na makamasi, akachota maji kwenye karai, akaanza kumwosha.

"Huyu amekula?" akaniuliza.

Shimo nimelifukia mwenyewe. Halima sasa nikimwambia hata maziwa yamechemka anauliza, "Ni kweli?" Nitavumilia, nimeyataka. Mji wako sijautupa. Akikua akiutaka mwenyewe nitamsimulia, lakini nitaanza na wewe: ulikuwa nani, ulicheka vipi, na ulikufa. Vibeti watafuata baadaye. Huo ndio mpango, na usibishane nami.

Lala sasa, Aabo. Hakuna mtu anakuja kukununua.

Binti yako,
mama yao Halima na Nuria