Kovu la Gotini

Basi Shangazi, kumbe si TB! Nilikuficha kwamba tangu wiki ya pili ya ndoa mume wangu analala sebuleni, akiogopa kuniambukiza. Miezi minne amemeza vidonge vya TB, kikohozi kiko palepale, na makohozi kila yakipimwa hayana vijidudu.

Wiki mbili zilizopita daktari mpya, mama mmoja mfupi, alimkagua kuanzia utosini hadi unyayoni, akakwama gotini.

"Kovu hili la lini?"

"La utotoni, nilianguka na baiskeli."

"Mbona limevimba sasa?"

Mume wangu akacheka. "Daktari, mimi naumwa kifua!"

"Goti lako linajieleza kukushinda, baba."

Akakata kipande cha kovu, kikapimwa. Hakuna kijidudu. Ni sarkoidosisi: kinga ya mwili wake mwenyewe inaotesha vinundu, mapafuni na hata ndani ya kovu la zamani. Hebu fikiria, ugonjwa wa kifua kusomwa gotini! Na hauambukizi. Ameanza dawa nyingine, na jana alihamia chumbani na mto wake. Hata akikoroma, Shangazi, naona raha.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kwako, wote wawili.

Mwanao, anayechekacheka peke yake jikoni