Samaki Aliyetakiwa Kufika Hai

Greyville, Durban
Jumapili, 21 Machi 1999

Dada yangu mpendwa, Yaya Godelive,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na wapwa zangu Colette na Peguy. Natumaini homa ya Peguy imekwisha, na ule ukuta wa nyumba yenu uliobomolewa na mvua hapo kambini umekwisha kukandikwa. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku tu wazima wa mwili. Joto la Durban bado halijatuhurumia, na chumba chetu kinatazama uwanja wa mbio za farasi, kwa hiyo farasi wanapata upepo kabla yetu. Lakini tunakula na tunalala, Mungu asifiwe.

Bahasha hii unaletewa na mama Goreth, yule Mrundi anayeuza vitenge, ambaye Jumatano anapanda basi kurudi Kigoma. Ndani utakuta barua mbili, ya mumeo na yangu. Desturi yetu unaijua: bahasha haifungwi mpaka kila mwenye neno atie lake, na Urbain, kwa kuwa ndiye mkubwa, anazisoma zote kwanza ndipo anaigandisha, habari zetu zisije zikagongana zikawatia hofu. Nakuomba usome ya Urbain kwanza. Yake ni fupi. Ukishaimaliza na kumkasirikia, ndipo uje kwenye yangu.

Barua iliyopita ya Urbain ilikueleza habari ya chumba. Najua ulifurahi, maana mama Goreth alituambia uliwaonyesha majirani. Ni chumba cha nyuma ya duka la Bwana Perumal, Mhindi anayeuza vifaa vya kuvulia. Kina jiko lake, bomba la ndani, na dirisha linaloangalia mpera. Anayepata kazi ya duka anapata na chumba, na mwenye chumba anaweza kuita mke na watoto. Urbain alikipima kwa hatua zake, akaniambia kitanda chenu kitakaa wapi na cha watoto kitakaa wapi. Mimi nilishika mlango, nikasema sawa, sawa.

Lakini hakukueleza jinsi tulivyomjua huyu Perumal, na ni hapo ninapotaka kuanzia. Ni mimi niliyemjua. Alikuwa anaegesha gari kule Berea ninakolinda magari, na siku moja boti aliyokuwa anaivuta nyuma ililegea kamba. Niliifunga kwa fundo la baba, lile la mitumbwi ya Uvira. Akaliangalia, akalivuta, likakaa. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia mimi ni mtoto wa ziwa, baba yangu ni mvuvi na babu yangu alikuwa mvuvi. Akasema Jumamosi anakwenda kuvua, anatafuta mtu wa kumsaidia. Na mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamwambia nina shemeji yangu, je, naweza kuja naye? Hapo nilimwonea huruma Urbain, amekaa wiki nzima bila kazi. Huruma hiyo imenigharimu, Yaya.

Kule tunakovua ni kaskazini, mwendo wa saa mbili na zaidi, kwenye mashamba ya miwa. Kuna mifereji mirefu ya kumwagilia, maji yake yana uvuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Humo mna samaki wanamwita bass, mwenye mdomo mpana. Na mna mamba. Wanalala ukingoni, na ukipita wanateleza majini taratibu. Sikushangaa, mamba tumekua nao kule Ruzizi. Nilichoshangaa ni kwamba watu wazima wenye magari wanakwenda mahali hapo kwa kujifurahisha.

Siku ya kwanza nilikuja na minyoo yangu kwenye kopo, nimeichimba alfajiri. Perumal akacheka sana. Akafungua sanduku, akatoa mnyoo wa mpira, rangi ya zambarau, unanukia kama peremende. Unautupa karibu na matete, unauacha uzame, unauvuta kidogo, unangoja, unauvuta tena. Mimi nikauvuta kama tunavyovuta nyumbani, kwa nguvu, na samaki hata mmoja hakunitazama. Urbain, mtu wa milimani, ambaye kabla ya kukuoa alikuwa anaogopa hata kupanda mtumbwi, akafanya kama alivyoambiwa. Akangoja. Unajua subira yake, ndiyo iliyokushinda wewe. Kabla ya saa nne alikuwa na watatu.

Kisha likaja la ajabu. Perumal akampokea samaki wa kwanza, akalowesha mikono ndipo akamshika, akamtoa ndoana polepole, akamrudisha majini. Nikadhani ameponyoka. Wa pili, akamrudisha. Wa tatu, mkubwa wa kushibisha watu wanne, akamrudisha pia na kumpigapiga mgongo. Nilimwambia Urbain kwa Kiswahili chetu kwamba huyu mzee ana ugonjwa. Urbain akanijibu kwamba kila nyumba ina desturi yake. Jibu hilo liliniudhi kuliko wale samaki.

Safari ya pili nilimpata mmoja. Mmoja tu, Yaya, lakini mzito, fimbo ilikunjika. Nilikuwa nimemfikisha karibu na boti, nimeshaona tumbo lake jeupe, mamba akatoka chini akammeza pamoja na mnyoo wa mpira. Perumal akakata mshipi kwa kisu. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, kwa sababu ningefanya nini. Lakini kuanzia siku hiyo nilipewa kasia na kazi ya kuangalia mamba. Wao wawili wanavua, mimi nakaa nyuma nahesabu vichwa vya mamba. Mimi, mtoto wa mvuvi! Mpanda mihogo anavua, mvuvi anachunga mamba.

Niumwage ukweli wote mara moja, maana ukishaanza kutapika humezi. Nilikuwa na wivu. Haukuwa wivu wa samaki peke yake. Huku Greyville Mireille wa saluni ya chini alimwita Urbain Bwana Samaki, na mimi aliniita shemeji ya Bwana Samaki. Kanisani mchungaji alimsimamisha atoe ushuhuda. Perumal alimpa kofia ya klabu, nyekundu, na Urbain akanipa mimi niivae siku moja, kama mtu anayempa mdogo wake pipi alambe. Nilingoja abadilike. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilingoja kwa hamu alitie. Hakulitia. Aliendelea kuosha vyombo siku yake na siku yangu. Mtu wa namna hiyo hata kumchukia kunachosha.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na wewe. Mama alipofariki, ni wewe uliyenilea. Siku ya harusi yako nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wote wanaimba, na mimi nimejificha nyuma ya tangi la maji kwa sababu yule mrefu wa milimani anakuchukua. Huenda wivu ulikuwa mmoja tu tangu siku ile, umekuwa ukibadilisha nguo.

Sasa habari ya Jumamosi ile, tarehe kumi na tatu. Klabu yao ilikuwa na mashindano. Kila boti inaruhusiwa kuleta samaki watano, wakiwa hai. Ndani ya boti kuna tangi lenye maji na pampu. Wakishavua, samaki wanatiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, mtu anaubeba mpaka kwenye mizani, wanapimwa, wanarudishwa mferejini. Samaki akifa hahesabiwi, na kwa hawa watu ni aibu, kama sisi mtu akitema mate msibani. Dukani kwa Perumal kuna tangi la kioo lenye bass hai, wateja wanakuja kuwatazama, na anayelala kile chumba cha nyuma ndiye anayewatunza. Kwa hiyo Perumal alimwambia Urbain wazi: siku hiyo ndiyo mtihani. Samaki wako wakifika mizani hai, Jumatatu unaanza kazi na funguo za chumba unazichukua.

Urbain alivua siku hiyo kama mtu aliyeitwa. Wanne wa kawaida tulikuwa tumekwisha kuwapeleka salama. Wa tano alimpata dakika za mwisho, kwenye kona yenye mti ulioanguka majini. Nilimwona anavyoinuka na ule mdomo wake mpana. Perumal alisema hajaona wa namna hiyo miaka sita. Wakamtia kwenye mfuko peke yake, na kwa kuwa wao walikuwa wanafunga boti, nikapewa mimi niubebe. Njia inapita kando ya mfereji, hatua mia mbili hivi, matete yamesimama pande zote mbili.

Nilipofika mizani samaki alikuwa amekufa. Jinsi ilivyoelezwa ni hivi: Anaclet, mtoto wa ziwa, aliona samaki anarukaruka, mkono wake ukafanya kile ulichozoea tangu utotoni, akampiga kichwani kumtuliza, kama wavuvi wote wa Uvira. Mimi mwenyewe ndiye niliyeeleza hivyo, na wote waliamini. Mzungu mmoja alinishika bega akaniambia pole. Perumal hakunishika bega. Aliangalia ule mfuko, akamwangalia Urbain, akauliza nani alipaswa kunifundisha.

Urbain akasema ni yeye. Akamwambia kwamba alisahau kunieleza, na kwamba kosa ni lake. Perumal akasema anahitaji mtu asiyesahau. Jumatatu kazi na chumba vilikwenda kwa msaidizi wa boti nyingine.

Njiani kurudi, nyuma ya gari, Urbain aliniwekea mkono gotini. Aliniambia: “Shemeji, iko sawa. Ni mkono tu. Mkono wa baba yako haujui mashindano.” Kisha nyumbani akakaa akakuandikia ile barua uliyokwisha kusoma, na humo sitajwi hata mara moja. Anakuambia ni yeye aliyemuua samaki kwa uzembe wake, na chumba kimepotea kwa sababu yake. Nilimwuliza kwa nini. Akasema wewe una ndugu mmoja tu, hataki umkasirikie. Mume utamkasirikia, utapoa.

Yaya, haukuwa mkono.

Sheria niliijua. Niliambiwa safari ya kwanza, nikaambiwa safari ya pili, na asubuhi ile ile ya mashindano ni mimi niliyemweleza msaidizi wa boti nyingine kwamba samaki akifa mmekwisha. Ndiye huyo anayelala leo kwenye chumba chako. Nilipofika katikati ya matete niliwasikia nyuma yangu wanacheka, Perumal anamwita Urbain ndugu yangu, my brother, my brother. Nikatua mfuko. Nikamwaga maji. Nikamshika samaki kwa matamvua, nikampigiza kwenye jiwe mara moja, kama baba alivyotufundisha, kwamba mara moja inatosha. Ng’ambo kulikuwa na mamba ananitazama, na nakumbuka niliona aibu mbele yake. Kisha nikajaza maji upya kwenye mfuko, nikamrudisha humo, nikatembea.

Nilijua ninaua nini. Nilijua ni kitanda chenu na cha watoto, na lile dirisha la mpera. Nilikuwa nimeshika mlango wakati anapima. Sikutaka wewe ukose, naapa kwa kaburi la mama, nilitaka yeye akose. Sikukumbuka kwamba ninyi wawili mnalala kitanda kimoja.

Siku nane zimepita. Anaosha vyombo siku yake na siku yangu. Ningeweza kumpa mama Goreth barua hii kisiri, uisome wewe peke yako, na Urbain asijue kamwe. Nimefikiria hivyo tangu Alhamisi. Lakini mtu aliyejitwika kosa langu mbele ya mkewe hawezi kuwa wa mwisho kuambiwa. Nitampa asome kama desturi.

Kesho nitakwenda kwa Perumal nimweleze kwa mdomo wangu. Najua chumba hakitarudi. Nitakwenda hata hivyo.

Nisalimie Colette, mwambie mjomba wake bado ana ile picha aliyomchorea. Mbusu Peguy kichwani. Wasalimie majirani wote uliowaonyesha barua ya chumba, na wakikuuliza, waambie ni ndugu yako. Ukiniandikia nitashukuru, na usiponiandikia nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Anaclet

Saa kumi jioni. Nimempa. Amesoma akiwa amesimama dirishani, akarudia ukurasa wa mwisho. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Ameniuliza jambo moja tu, kama samaki alikuwa bado anapumua nilipomwaga maji. Nimemjibu ndiyo. Kisha amefungua bahasha, ametoa barua yake na kuitia mfukoni, na sasa ameshika gundi, ananingoja nimalize mistari hii. Kwa hiyo, Yaya, usiitafute ile niliyokuambia usome kwanza. Imebaki hii tu.