Yamekwisha kwa Nani?

Hosteli ya wauguzi, 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hapo nyumbani mu wazima, na goti lako limepungua maumivu. Mimi mzima wa mwili, ila moyo umekunjamana.

Nimefeli. Miaka yote niliyouguza watu wazima wenye magonjwa ya akili haikunisaidia, wala mwaka huu wa mafunzo chini ya msimamizi. Leseni ya kutibu watoto na vijana hupewi mpaka watahini wakuone ukiwa na mtoto wa kweli, wao wamekaa nyuma ya kioo. Nilipewa mvulana aliyefiwa na kaka yake. Alipoanza tu kulia, nikamfuta machozi: "Nyamaza mwanangu, yamekwisha." Baadaye mtahini mkuu, mama mmoja mkavu kama mkate wa juzi, akaniuliza, "Yamekwisha kwa nani?"

Nina nafasi moja tu ya kurudia, mwezi wa tano. Nikifeli tena, chumba cha watoto pale hospitali yetu kitabaki na kufuli, na wazazi wataendelea kusafiri kutwa nzima kutafuta matibabu. Nisalimie wanangu na baba yao.

Mkamwana wako

Nyumbani, 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linalalamika kuliko mumeo akiambiwa aoshe vyombo.

Hao watahini wamezaa kweli? Mtoto akilia hunyamazishwa! Mimi nimelea sita kwa "nyamaza" na wote wazima, hata huyo mumeo ukimtazama kwa mbali. Safari ijayo ficha peremende mfukoni. Akilia, mpe.

Usikate tamaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mama yako

Nyumbani, 20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Barua yangu umeijibu kwa kimya, na najua kwa nini. Ile peremende ilikuwa upuuzi.

Jumapili binti yako alilia mezani. "Nyamaza" ilikuwa imeshafika mdomoni, nikaimeza, nikakaa naye. Mama wee! Kukaa na mtoto anayelia bila kufanya kitu ni kazi kuliko kufua mablanketi. Alipomaliza, akasema uliondoka kwa sababu alikwambia hakupendi, siku ile mlipogombania viatu. Mwaka mzima amelibeba hilo chini ya paa langu, na mimi kila akilia namziba mdomo. Nimeumia sana. Nimemweleza ukweli, lakini mwandikie na wewe.

Watahini wako wana haki, na kwa hilo nimezidi kuwachukia. Nenda ukawashinde.

Mama yako

Hosteli ya wauguzi, 18 Mei

Mama,

Shikamoo, na shikamoo tena! Nimefaulu!

Barua yako iliniliza mpaka mwenzangu wa chumbani akaniletea maji. Binti yangu nilimwandikia siku ileile, naye amenijibu kwa kunichorea viatu vitatu, sijui cha tatu ni cha nani.

Safari hii alikuwa msichana wa miaka tisa ambaye nyumba yao iliungua. Alipolia, niliikalia mikono yangu. Nilisema tu, "Nipo." Akalia, akalia, jasho linanitiririka mgongoni. Kisha akavuta pumzi, akaanza kusema. Alichosema sikuandikii, ni chake. Usininunie.

Yule mama mkavu alitoka nyuma ya kioo, akanishika mkono, hakuuachia haraka. "Wewe ni wa kwanza kule kwenu," akasema. "Usiwe wa mwisho."

Leseni ninayo, ina muhuri.

Mkamwana wako

Nyumbani, 22 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na vigelegele juu! Sijanuna, ila ningependa kujua.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Nikavaa gauni nililovaa harusini kwenu, nikaenda hospitali, goti likinifuata nyuma. Mganga mkuu akasema tusubiri, kuna utaratibu. Nikamwambia utaratibu umeshakaa nyuma ya kioo mara mbili na umeridhika. Akacheka, akaagiza ufunguo. Haukuonekana, kufuli likakatwa kwa msumeno.

Nimefagia kile chumba mwenyewe na kufungua madirisha. Wazazi waliokuwa kwenye benchi wakawa wanakuja kuchungulia. Mama mmoja, amemshika mkono kijana wake aliyeinamisha kichwa, akaniuliza mtaalamu anafika lini. Sikuwa na ruhusa ya kumjibu.

Nimemwambia Jumatatu. Panda basi, mwanangu.

Mama yako