Sauti ya Kuazima

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mashine ya kusemea imefika kutoka hospitali. Trevor kaandika sentensi yake ya kwanza, nayo ikasema, "Naomba chai, mke wangu." Kiingereza cha London, kilichopigwa pasi. Akaisukuma, akaandika kwenye kibao: MENEJA. Kweli, ni kama yule bwana aliyekuja kutufungia mgodi. Maisha yako yote unasema kama baba yako, halafu maradhi yaule ulimi, wakupe sauti ya meneja!

Na aliambiwa. Mwaka jana, arekodi sauti ingalipo. "Sikai kuongea na kopo mimi." Sikio la kufa halisikii dawa.

Alhamisi, 7 Machi
Mtaalamu wa usemi, binti mpole, anasema sauti nyingine inaweza kutengenezwa, ya mwanamume wa hapa hapa. Huku kaskazini, Durham, kila mgodi wa makaa ulikuwa na usemi wake. Wazee walitoka Ireland, Wales, Cornwall, wakachanganyika chini ya ardhi, kila kijiji kikapika chungu chake. Mimi natoka kijiji cha jirani tu, na mama mkwe alinicheka usemi wangu mpaka anaingia kaburini. Sasa migodi imefungwa, chungu kimebaki makombo.

"Hana ndugu?" akauliza binti. Nikasema hana.

Jumapili, 10 Machi
Siku ya Mama. Craig kapiga simu, kamsomea baba yake gazeti, tupime kama sauti yake itafaa. Maskini mwanangu, alijitahidi. Lakini London imeshamnyoosha. "Mama, naona kama naigiza," akasema. Trevor akatikisa kichwa, akageukia ukuta. Analia. Sikumwona hivyo hata mgodi ulipofungwa.

Jumatano, 13 Machi
Ndugu anaye. Malcolm, mtaa huu huu. Kwenye mgomo wa wachimba makaa wa themanini na nne alirudi kazini kabla ya wenzake, ndani ya basi lenye nyavu za kuzuia mawe madirishani, sisi tukila supu ya msaada. Tangu hapo hasalimiwi. Akiingia klabu, watu wanahama meza. Mama yao alipozikwa, mmoja alikaa kulia mwa kanisa, mwingine kushoto. Ndivyo tulivyo hapa.

Leo nimegonga mlango wake wa nyuma. Kafungua, taulo la vyombo begani.

"Shemeji," nikasema. Neno lenyewe lilikuwa limeota kutu.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Atajua ni mimi?"

"Atajua."

"Basi ataikataa."

"Pengine. Wewe njoo usome."

Jumamosi, 16 Machi
Kasoma, kwa yule binti. Nikafumba macho. Trevor! Trevor wa kabla ya maradhi, hata ule mkokoto wa mwisho wa sentensi. Nimeona haya kufurahi. Wamenuniana miaka yote hii, na duniani hakuna anayesema kama mmoja wao ila mwenzake.

Jumatano, 27 Machi
Sauti imewekwa. Trevor kaandika, mashine ikasema: "Chai, bibie." Akaganda. Akanitazama. Sikukwepa.

Mashine imetupwa kwenye droo ya visu. Chai hakunywa.

Jumamosi, 30 Machi
Bado haniangalii. Nimemsaliti, najua, na ningefanya tena.

Nimeamka, droo iko wazi. Yuko dirishani, mashine magotini. Naandika nimesimama nyuma yake — huko nje Malcolm anapita na mbwa wake, kama kila asubuhi, kichwa chini, upande ule wa barabara. Trevor kagonga kioo, kanionyesha kwa mkono: fungua. Nimefungua. Baridi imejaa chumbani.

Ameandika neno moja. Mkono wake umeliziba, silisomi. Labda ni jina la ndugu yake. Labda ni lile neno tulilokuwa tukimzomea nalo getini mwa mgodi, msaliti, basi likipita. Vyovyote vile, litatoka kwa sauti ya Malcolm mwenyewe.

Mbwa amesimama kwenye nguzo. Malcolm anamngoja. Kidole cha Trevor kiko juu ya kitufe, kinatetemeka, na sijui kama ni maradhi au ni ile miaka arobaini.