Vipimo vya Sindano

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wa kaka, wewe na shemeji na wote walio chini ya paa lako. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na kikohozi cha shemeji kimekwisha. Mimi ni mzima, ila macho tu. Siku hizi kutia uzi kwenye cherehani kunanichukua muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Barua yako niliipokea Jumatatu. Nimeisoma mara nne, ndiyo maana nimechelewa kuijibu.

Unasema picha ya binti yako mkubwa, Sindano wetu, umeitundika sebuleni, na majirani wanakuja kuitazama. Wanakutania kwamba sasa jina limekuwa la uongo, aitwe Mtungi, na yule jirani yako muuza mkaa ameapa hajawahi kuona mshahara ukikaa mashavuni namna ile. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Unasema pia kwamba bibi aliyemwajiri amekuandikia akimtaka na mdogo wake Sindano, na kwamba umekubali aondoke wiki ijayo. Nakuomba, kabla hujamfungia mizigo, nisome mpaka mwisho.

Unanijua, napenda kueleza jambo tangu shina lake. Tulipokuwa watoto, mwili mpana ulikuwa cheti. Aliyenenepa ndiye aliyekula akasaza. Aliyekonda alikonda kwa shida. Katika nchi nyingi maskini bado ni hivyo: wenye kipato ndio wenye uzito. Lakini penye utajiri mwingi mambo hugeuka, hasa kwa wanawake. Mwenye nacho hununua mboga, usingizi na muda wa mazoezi. Asiye nacho hubaki na sukari, mafuta na unga mweupe, vitu vya kushibisha haraka kati ya zamu na zamu. Katika majumba ninayoshonea mimi, wembamba ndio cheo. Wewe picha ile uliisoma kwa kisomo cha utoto wetu. Mimi nimempima mwanao kwa futi.

Miaka sita sasa mimi ni fundi wa nyumba ile. Kila mwanzo wa mwezi humpima bibi, kwa kuwa nguo zake hazikomi kutaka kupunguzwa, na tangu Sindano aanze kazi, huagiza nimpime na yeye. Mliambiwa kazi yake ni upishi, na kweli anapika. Ila anachopika bibi hakigusi. Huwekwa sahani moja, Sindano huketi akala, na bibi huketi mbele yake na glasi ya maji ya moto, akimtazama. Humuuliza kama chumvi imekolea. Humwambia atafune polepole. Nimeona kwa macho yangu taya la bibi likipanda na kushuka, koo lake likimeza, na kinywani hamna kitu. Sahani ikiisha, hupanda ghorofani kwenye mashine yake ya kukimbilia. Chini tunasikia miguu ikigonga, ikigonga, na anayetokwa na jasho ni Sindano, ameketi kitini.

Mwanzoni mwanao alilifanya mzaha. Aliniuliza, Baba Mkubwa, tangu lini mtu akalipwa kwa kushiba? Mwezi wa kwanza bibi alipungua inchi mbili kiunoni; Sindano akaongezeka mbili. Mwezi wa pili moja na nusu, kwa moja na nusu. Nimejumlisha viuno vyao kila mwezi kwa miezi kumi na minne, na jumla haijasogea hata robo inchi. Nimebadilisha futi. Nimepima mara mbili mbili. Nimezoea kuyatafutia mambo sababu, lakini hili sina sababu ya kukupa.

Juzijuzi aliniambia, safari hii bila mzaha, kwamba hasikii tena njaa wala shibe. Mkono wake huinuka wenyewe taya la bibi linapoanza kwenda. Miguu imevimba. Daktari wa zahanati alisema sukari imepanda mno, kisha akamuuliza kwa kejeli kama kijiko kimefungwa mkononi mwake kwa kamba. Watu wa mwili kama wake huambiwa hivyo upesi.

Sasa nimefika panaponitia aibu. Gauni la kazi la Sindano lilivaliwa na msichana mwingine kabla yake. Nililishona mimi, na bibi aliagiza niache kitambaa kingi cha akiba ndani ya mishono. Yule naye alikuja mwembamba. Nikawa naachia mshono mwezi baada ya mwezi, mpaka akiba ikaisha. Ilipoisha, bibi alimrudisha kwao, na haikupita miezi mitatu nikasikia amezikwa. Bibi akaniletea gauni lilelile nilipunguze, akauliza kama namjua msichana mwembamba mwenye adabu. Nilimtaja mwanao. Nilijiambia yale ya kwanza ni sadfa, na kazi ni adimu. Mwezi uliopita nilipoachia mshono wa mwisho, aliniuliza kama Sindano ana mdogo wake. Jina nilimpa mimi, ndugu yangu. Nilijibu kama mtu aliyeulizwa rangi ya uzi.

Ijumaa, bibi akiwa juu kwenye mashine, nilimtoa Sindano kwa mlango wa jikoni. Hatujafika getini, ile miguu iliyokuwa ikigonga ghorofani ikasimama. Tangu siku hiyo yuko kwangu. Leo asubuhi dereva wa nyumba ile amekuja kuniita: niende haraka na futi, nguo zote za bibi zinambana. Sikwenda, na sitakwenda.

Sindano atafika kwa basi la Alhamisi. Barua hii nampa dereva wa basi la leo itangulie. Mpokeeni mkiwa watu wawili, maana ngazi zinamshinda, kisha mpelekeni hospitali moja kwa moja. Mdogo wake asitoke hapo, na bibi akikuandikia tena, usimjibu. Shemeji asiandae karamu. Jana mchana mwanao alisukuma sahani, akasema ameshiba, akalia kwa furaha. Akisema hivyo kwenu, mwaminini.

Wasalimie watoto wote, na msamaha wako nitauomba uso kwa uso, ukiniruhusu kuja.

Ni mimi kaka yako,
Fundi