Vitovu Kwenye Migomba

Jumanne, mjini Baraka

Sehemu tambarare ni ile moja tu. Kwingine kote kisiwani ni mwamba, au ni juu ya mahali watu wanapochota maji.

Leo nilivuka kuwaambia bamama, akina mama wa huko, kwamba mabwawa ya kusafishia maji machafu niliyoyachora yatachimbwa kwenye migomba ya zamani. Pale kila mtoto wa kisiwa amezikiwa kitovu chake. Migomba hufa na kuchipua, lakini kila mama anajua shina lake.

“Kwa hiyo mavi ya kisiwa muzima itakuya kulala juu ya bitovu bya batoto betu?” aliuliza mama mkubwa, aliyenilea.

Nikataja kipindupindu. Nilitaja mbele yake, yeye ambaye kilimuulia binti yake, Riziki.

Akasema, “Basi chimba, binti. Lakini anza na ya kwako.”

Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Nimechora upya. Bwawa la kwanza liko juu ya kitovu changu, kama alivyotaka. La pili nimelisogeza kila upande, na bado linaangukia mgomba wa Riziki.

Kesho lazima nimwambie.